Lori la Umeme, Mombo hadi Mombasa: Mafunzo Niliyopata Barabarani

Naendesha lori la dizeli. Nabeba mboga za Lushoto, na msimu wa machungwa ukifika nahamia Handeni. Mzigo wote unakwenda Mombasa. Natamani sana njia hii ipate malori ya umeme, na kazi yenyewe imenionyesha pa kuanzia.

1. Mteremko wa Soni ni mali. Kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo, wilayani Korogwe, ni kilomita 33 za kona tupu, na unashuka karibu mita 1,000. Tunashuka na shehena ya kabichi na karoti, tunapanda watupu. Ukifika Mombo ringi hazishikiki kwa moto, na harufu ya breki imejaa hadi ndani ya kabini. Joto hilo ni nishati tunayoitupa: lori la tani 16 likishuka mita 1,000 huachia zaidi ya kilowati-saa 40. Lori la umeme likipunguza mwendo, mota yake hugeuka jenereta, na sehemu nzuri ya nishati hiyo hurudi kwenye betri.

2. Umbali hautushindi. Kutoka njia panda ya Segera hadi Mombasa, kupitia Tanga na mpaka wa Horohoro, ni kama kilomita 240, safari ambayo lori la ukubwa wa kati lenye betri ya kilowati-saa 300 linaimudu. Wanaotaka kuanza na Dar es Salaam hadi Namanga, zaidi ya kilomita 700, wanaanzia pagumu.

3. Chaja iwekwe pale lori linaposimama. Machungwa ya Kabuku, Handeni, hayapimwi kwa kilo, yanahesabiwa. Vijana hurusha machache machache juu ya bodi, mmoja akiita hesabu kwa sauti, na gari limeegeshwa hapo tangu asubuhi mpaka jua linazama. Mpakani tunasimama tena kusubiri karatasi. Kwa saa 7 za kupakia, chaja ya kilowati 40 tu inakupa kilowati-saa 280. Ndiyo maana sioni haja ya kukimbilia mitambo mikubwa ya kuchaji haraka kwenye vituo vya mafuta. Kinachokosekana ni viwanja vya kupakilia vyenye umeme wa fezi tatu. Inaniuma, kwa sababu umeme wenyewe unafuliwa hapa hapa: mtambo wa Hale, wa megawati 21, unatumia maji ya Mto Pangani tangu 1964.

4. Mizani haitambui betri. Betri ya kilowati-saa 300 inakaribia tani 2, na sheria ya uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 inaihesabu pamoja na mzigo. Umoja wa Ulaya huyaongezea malori yasiyotoa moshi hadi tani 2. Wabunge wetu wa Jumuiya, wanaokaa Arusha, wafanye vivyo hivyo, la sivyo tajiri atahesabu machungwa aliyoyaacha shambani na kurudi kwenye dizeli.

5. Plagi iwe moja. Gari la Kichina na la Ulaya huchajiwa kwa plagi tofauti. Kenya ilishaweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia magari mwaka 2023, lakini bei hiyo haimfai kitu dereva wa Handeni aliyevuka mpaka na kufika Lunga Lunga, Kenya, akakuta plagi haiingii.