Kanada Waliruhusu Bangi: Hospitali Zao Zinatufundisha Nini?

Kuna ubishi unaosikika sana vijiweni: "Bangi haina noma. Ingekuwa mbaya, Kanada wangeiruhusu?" Wewe ungejibu nini? Soma kwanza, halafu ukabishane.

Waliruhusu nini hasa?

Tangu mwaka 2001 Kanada iliruhusu bangi kwa wagonjwa waliothibitishwa na daktari. Tarehe 17 Oktoba 2018 ikaruhusu watu wazima wote. Lakini siyo holela! Umri wa chini wa kununua ni miaka 19 karibu nchi nzima, isipokuwa Alberta ni 18 na Quebec ni 21. Mtu mzima hatembei hadharani na zaidi ya gramu 30 za bangi kavu. Anayemuuzia aliye chini ya miaka 18 anaweza kufungwa hadi miaka 14. Paketi haina mbwembwe, ila onyo la afya. Sasa jiulize: kama bangi ni mboga tu, masharti yote hayo ya nini?

Hospitalini kukoje?

Kwanza, ni rahisi zaidi mgonjwa kusema ukweli, maana haogopi tena polisi. Hilo ni jambo kubwa. Anayevuta kila siku anaweza kuhitaji dawa nyingi zaidi za usingizi wakati wa upasuaji, na daktari lazima ajue mapema. Pia wapo wavutaji wa muda mrefu wanaotapika mfululizo. Wengi hupata nafuu kidogo wakioga maji ya moto, lakini tiba hasa ni kuacha. Mgonjwa akificha, daktari atahangaika na vipimo bure.

Pili, watoto wameumia. Mwaka 2019 pipi, biskuti na chokoleti zenye bangi nazo ziliruhusiwa. Serikali iliweka kikomo cha miligramu 10 za THC, yaani kemikali inayolevya, kwa kila paketi. Hata hivyo, watoto wadogo waliolazwa kwa sumu ya bangi waliongezeka. Mtoto haoni bangi, anaona pipi! Quebec ilikataa pipi na chokoleti hizo, na ongezeko lake likawa dogo kuliko la majimbo makubwa yaliyoziruhusu.

Tatu, kesi za kukutwa na bangi zilipungua sana. Hiyo ni faida ya kweli: kijana haharibiwi maisha na rekodi ya jinai kwa ajili ya msokoto mmoja.

Mwili hausomi sheria

Bunge linaweza kubadili sheria kwa siku moja. Ubongo wako haubadiliki hivyo. Unaendelea kukomaa hadi kama miaka 25. Kuvuta mara kwa mara ukiwa bado kijana kunadhoofisha kumbukumbu na usikivu darasani. Pia kunaongeza hatari ya kuugua akili, hasa kama ugonjwa huo upo katika ukoo wenu.

Na sisi je?

Hapa Tanzania bangi bado ni kosa kisheria. Kwa hiyo kijana anayevuta anamficha polisi, anamficha mama, na mwisho anamficha hata nesi. Kumficha nesi ndiko kunakoweza kumgharimu maisha. Ukienda kutibiwa, hasa kabla ya upasuaji, sema ulichovuta au ulichokula. Maadili ya kazi yanamtaka mhudumu atunze siri yako.

Rafiki yako akianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, msimcheke wala kumfungia ndani. Mpelekeni kituo cha afya haraka, na mmoja wenu aeleze ukweli wote.

Jadilini na wenzenu

1. Kitu kuruhusiwa na kitu kuwa salama kuna tofauti gani? Toeni mfano wa pombe na sigara.
2. Kwa nini vijana wanaogopa kumwambia nesi ukweli? Nesi afanye nini ili waache kuogopa?
3. Mngekuwa wabunge, mngewalindaje watoto wadogo?