SOMO LA ROBO HII: TUMFAHAMU DAKTARI KIJANA



Lengo la somo: Kamati zielewe jinsi madaktari wa kizazi kipya wanavyofanya kazi na kujifunza, ili zahanati na vituo vyetu visiwe mahali pa kupita tu.

Kutoka Mbagala hadi Bunju malalamiko yanafanana: daktari kijana anatazama simu mbele ya mgonjwa, anauliza sana, na hadumu. Kabla ya kulaumu, tuangalie alikotoka.

1. Mazingira yamebadilika

Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1963. Leo ndiyo MUHAS. Wahitimu wa mwanzo walikuwa wachache na waliajiriwa na serikali au hospitali za makanisa. Sheria ya 1977 ilizuia matibabu binafsi ya kutafuta faida, hadi yaliporuhusiwa tena mwaka 1991. Mwaka 1997 vyuo vya Kairuki, Mikocheni, na KCMC, Moshi, vilianza kufundisha madaktari. Wahitimu waliongezeka kuliko nafasi za ajira. Mwaka 2017, mpango wa kupeleka madaktari 500 Kenya ulipozuiwa mahakamani huko, Rais Magufuli aliagiza 258 walioomba nafasi hizo waajiriwe hapa nchini. Ilionekana wazi kwamba madaktari waliosoma walikuwa mitaani bila kazi, huku wagonjwa wakipanga foleni.

Ndiyo maana kijana wa leo anashika zamu hapa na pale. Asiye na mkataba wa uhakika hutafuta pa kujishikiza.

2. Anavyojifunza

Baada ya miaka 5 ya chuo, daktari hufanya mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo, akizunguka idara za magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi. Hospitali kama Temeke na Mwananyamala humpa wagonjwa wengi na wakubwa wa kumwelekeza. Akija kwenye kituo chetu mara nyingi yuko peke yake, hana wa kumuuliza usiku.

Hapo ndipo simu inapoingia. Humo anasoma mwongozo wa matibabu, anakokotoa dozi ya mtoto kwa uzito, anamuuliza mwenzake. Kuhakikisha si ujinga. Kukisia ndiko kunakoumiza. Hata hivyo mgonjwa ana haki ya kuambiwa: "Mama, naangalia kipimo cha dawa ya mtoto." Sentensi hiyo moja huondoa manung'uniko mengi. Na yapo ambayo simu haifundishi: kumgusa mgonjwa tumboni, kumsikiliza bibi anayezunguka kabla ya kusema kinachomuuma, kutoa habari za msiba. Hayo hujifunzwa kwa wauguzi na matabibu wazoefu.

3. Anavyodai

Januari 2012 mgogoro wa madaktari tarajali wa Muhimbili ulikua ukawa mgomo wa madaktari. Walidai posho na mishahara, lakini pia vifaa vya kazi. Wagonjwa waliumia, na hilo halifichiki. Tofauti na wazee waliovumilia kimya, kijana huyu husema. Kamati ikimsikiliza mapema kuhusu kipimo kilichoharibika, haitafika kwenye ugomvi.

4. Hatua kwa kamati na wafadhili

(a) Mpeni mkataba wa maandishi, mlipeni kwa tarehe iliyokubaliwa.
(b) Mtafutieni daktari mzoefu wa kumlea, anayepigiwa simu na kufika angalau mara moja kwa mwezi.
(c) Tengeni muda na nauli ya mafunzo, kwani leseni yake inamdai aendelee kujifunza.
(d) Mfadhili anayetoa mashine ya kupimia wajawazito atoe pia gharama ya mafunzo na matengenezo. Mashine isiyo na mwalimu hufunikwa kitambaa.

Maswali ya kujadili

1. Daktari wetu akikwama saa 8 usiku, anampigia nani?
2. Waliotuacha walisema nini walipoondoka? Tuliwauliza?
3. Katika bajeti yetu, majengo yana kiasi gani, na kujifunza kwa watumishi kiasi gani?

Jibuni swali la kwanza kabla ya kikao kijacho. Likikosa jibu, anayelipa ni mgonjwa wa usiku huo.