Mfunike Kwanza: Ugonjwa wa Akili, Habari na Simu Zetu

Kijitabu cha elimu kwa wakazi wa Tlawi na wilaya za Mbulu na Hanang

Kwa nini tumekiandika

Tuseme ni siku ya mnada. Mama mmoja anavua kitenge mbele za watu, anaongea peke yake, analia na kucheka kwa wakati mmoja. Kabla ndugu zake hawajafika, simu tano zimeshainuliwa. Jioni video yake inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp Mbulu, Babati hadi Karatu, na watu wanaichekea. Kesho yake familia inamfungia ndani. Wanampenda, ila aibu imewalemea. Na akishafungiwa, dawa haimfikii.

Unyanyapaa huanza hivyo. Tunachokiona kwenye simu na kukisikia redioni ndicho kinachoamua kama mgonjwa atafichwa au atapelekwa kutibiwa.

Ugonjwa wa akili ni nini?

Ni ugonjwa unaobadili namna mtu anavyofikiri, anavyojisikia na anavyotenda, hata akashindwa shughuli zake za kila siku. Upo wa aina nyingi:

- Sonona: huzuni nzito ya wiki mbili au zaidi, usingizi kupotea, chakula kukosa ladha, mtu kuona hana thamani.
- Skizofrenia: kusikia sauti wasizozisikia wengine, au kuamini kwamba watu wanamwinda.
- Wasiwasi uliopita kiasi, matatizo yatokanayo na pombe au bangi, na maradhi yanayowapata baadhi ya akina mama baada ya kujifungua.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 mtu mmoja kati ya wanane duniani aliishi na tatizo la afya ya akili. Wengi wao hawaokoti makopo barabarani. Wanalima, wanafundisha, wanaendesha bodaboda, na wanaugua kimyakimya.

Chanzo kinaweza kuwa urithi, hitilafu katika ubongo, ulevi, au pigo la maisha. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliishukia Katesh na vijiji jirani, na watu zaidi ya 80 wakafariki. Mtu aliyepoteza watoto na nyumba kwa asubuhi moja, akawa anashtuka kila mvua inaponyesha, hajalogwa. Akili nayo huumia kama mguu uliopondwa na jiwe, na huhitaji matibabu na muda.

Kifafa: somo kutoka kwetu

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, lakini wenye kifafa hubebeshwa aibu ileile. Wengine wakiangukia motoni huachwa waungue kwa kuwa watu wanaogopa kuwagusa, wakidhani povu au mate huambukiza. Hayaambukizi.

Watafiti walioshirikiana na Hospitali ya Kilutheri ya Haydom walipiga picha za vichwa vya watu wenye kifafa. Baadhi yao walikutwa na lava (watoto) wa mnyoo aitwaye tegu wa nguruwe ndani ya ubongo. Mayai ya tegu huyo humwingia mtu kupitia chakula, maji au mikono iliyochafuliwa na kinyesi cha mtu aliyepata tegu kwa kula nyama ya nguruwe isiyoiva. Kilichoitwa laana ya ukoo kimekuwa, kwa baadhi ya wagonjwa, jambo linalozuilika: kutumia choo, kunawa mikono, kufungia nguruwe na kuivisha nyama vizuri.

Habari zinavyojenga unyanyapaa

*Vichwa vya habari.* "Kichaa aua" huandikwa kwa herufi kubwa. Maelfu wanaotumia dawa na kuishi kwa amani hawaandikwi popote. Msomaji anabaki kuamini kuwa kila mgonjwa ni hatari, wakati wengi hawamdhuru mtu, na mara nyingi wao ndio hupigwa, huibiwa na kubakwa.

*Filamu na vichekesho.* Mwendawazimu huletwa ili achekwe, au awe ishara ya laana. Mwishoni anapona ghafla kwa dawa ya mganga au kwa sala moja. Mtazamaji hamwoni muuguzi wala kidonge.

*Jina la hospitali kugeuzwa tusi.* Mirembe ya Dodoma inatibu wagonjwa tangu 1927. Wapo waliolazwa pale, wakapata nafuu na kurudi kazini. Lakini kila tunapomwambia mwenzetu "umetoroka Mirembe", tunamfundisha mtoto anayetusikia kwamba kwenda kutibiwa ni fedheha.

*Simu.* Zamani habari ilipita kwa mhariri. Leo kila mwenye simu ni mhariri.

Habari zinaweza pia kuponya

Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa *Twende na Wakati*, uliozungumzia uzazi wa mpango na UKIMWI. Kwa miaka miwili ya mwanzo wasikilizaji wa Dodoma walirushiwa vipindi vingine ili watafiti walinganishe. Waliosikia mchezo walibadilika zaidi kimtazamo na kimatendo. Mambo yaliyokuwa ya kunong'onezana yakazungumzwa mezani, kati ya mume na mke.

Huko Vienna, Austria, magazeti yaliwahi kueleza kwa kina vifo vya watu waliojiua kwenye reli za chini ya ardhi. Mwaka 1987 wanahabari walipewa mwongozo, wakapunguza maelezo na kutia chumvi, na vifo hivyo vikapungua sana.

Badili neno

- Badala ya "kichaa", "chizi" au "mwehu", sema mtu mwenye ugonjwa wa akili.
- Badala ya "ana mashetani", sema anaumwa, anahitaji kupimwa.
- Badala ya "huyo ameshaharibika", sema yuko kwenye matibabu.
- Badala ya "mvivu tu huyo", uliza: "Ndugu yangu, unalala? Unakula?"

Kabla hujatuma video, jiulize

1. Huyu angekuwa mama yangu, ningeituma?
2. Ameniruhusu, akiwa na akili timamu?
3. Itamsaidia apate tiba, au itamfanya afichwe?

Kumbuka pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti.

Kwa watangazaji na waandishi

Msitaje ugonjwa wa akili kama hauhusiani na habari. Msieleze njia aliyotumia mtu kujiua, wala msionyeshe picha ya tukio. Mleteni studioni mtu aliyepata nafuu na yuko tayari kusimulia. Kila kipindi kiishe kwa kumwelekeza msikilizaji mahali pa kupata msaada.

Mgonjwa akiwa nyumbani kwenu

1. Msimfunge kamba wala mnyororo, na msimpige.
2. Mwoneni mhudumu wa afya wa kijiji au nendeni zahanati. Mtaelekezwa hospitali ya Mbulu au Haydom.
3. Ulizeni kuhusu msamaha wa malipo.
4. Sala ya paroko, mchungaji au shehe ni faraja kubwa. Iendelee pamoja na dawa.
5. Dawa isikatishwe kwa sababu amepata nafuu. Mwulizeni mtabibu kwanza.
6. Akisema anataka kufa, mwaminini. Msimwache peke yake, ondoeni sumu za mifugo na mashamba karibu naye, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Neno la mwisho

Mnada utakuwepo tena, na huenda mama yule akaja. Mkono wako uokote kwanza kitenge chake. Mfunike, mwite kwa jina lake, mtafute ndugu yake, mtafutie bodaboda ya kwenda zahanati. Simu itoe mfukoni kwa kazi moja tu: kuwapigia ndugu zake.