SOMO LA AFYA: VITU AMBAVYO LORI HALIPAKII



Watu wa West Nile wanaifahamu kazi ya kuhama. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka mwaka 1979 na vita kufika huku, watu wengi wa Arua na Koboko walikimbilia Kongo na Sudan, wakarudi makwao katika miaka ya 1980. Ndugu zetu wa Sudan ya Kusini walirudi kwao baada ya amani ya mwaka 2005, lakini vita vya Desemba 2013 na vya Julai 2016 vikawaleta tena wengi. Wakongo wa Ituri nao wamevuka mpaka wetu mara nyingi.

Katika safari hizo zote jambo moja hutokea asubuhi ya kuondoka. Mizigo imefungwa, watoto wamevalishwa, na dereva anaonyesha kitu kimoja kwa kidole na kusema: "Hiki hakipandi." Wakati huo umechelewa, umechoka, na huna mahali pa kukiweka. Hapo ndipo watu hufanya makosa mawili: wengine hukificha ndani ya mizigo, wengine hukitupa popote. Makosa yote mawili yanaweza kuua.

KATIKA SOMO HILI UTAJIFUNZA:
• Kwa nini lori hukataa vitu fulani.
• Namna ya kuachana na vitu hivyo bila kumdhuru mtu.
• Vitu ambavyo wewe mwenyewe hupaswi kuvipakia, hata dereva akikubali.
• La kufanya ajali ikitokea njiani.

TUCHUKUE MFANO

Familia moja imekaa Logiri kwa jamaa zao, na sasa inahamia kwa ndugu wengine upande wa Koboko. Wamekodi lori. Utingo anapanga mizigo: magunia ya unga wa muhogo, magodoro, masufuria, baiskeli. Halafu anaona jerikani.

"Mama, mafuta ya taa hayapandi."

"Mwanangu, ni lita tatu tu. Nimeyanunua kwa pesa yangu."

"Nimesikia, mama, lakini watu watakaa juu ya mizigo hii. Hayapandi."

Mama anarudi nyuma ya nyumba. Anayamimina mafuta kwenye chupa mbili za soda, anazifunga vizuri, anazisukuma ndani ya gunia la nguo. Lori linaondoka. Wamepita Arua, wako kwenye lami ya kwenda Koboko, jua limekuwa kali. Mtoto wa miaka mitatu ana kiu. Anapekua gunia, anaona chupa ya soda.

Tutarudi kwa mtoto huyu mwishoni mwa somo. Kwanza tuelewe kwa nini utingo alikataa.

KWA NINI LORI HUKATAA

Watu wengi hudhani dereva anakataa kwa kiburi, au anataka aongezwe pesa. Mara nyingine huenda ni hivyo. Lakini vitu vingi hukataliwa kwa sababu moja kati ya hizi tatu:

1. Vinashika moto haraka.
2. Vinatoa sumu, kwa kumwagika au kwa hewa yake.
3. Vinaumiza au vinaleta ugonjwa.

Juu ya lori mzigo hutikiswa, hugongana na hupata joto. Chupa iliyotulia nyumbani mwaka mzima inaweza kupasuka ndani ya saa moja barabarani. Na kumbuka, kwenye lori kuna chakula chako, godoro lako na watoto wako.

KITU KIMOJA KIMOJA

1. Mafuta ya taa, petroli, waragi na gesi

Hivi vyote vinashika moto. Waragi ni hivyo hivyo: ukiwa mpishi wa waragi unajua jinsi unavyowaka. Wiki moja kabla ya safari, acha kununua mafuta. Tumia yaliyopo, na yakibaki, mpe au muuzie jirani ndani ya jerikani yake mwenyewe. Petroli ya pikipiki itolewe kwenye tangi kabla pikipiki haijapandishwa. Mtungi wa gesi uuze au urudishe dukani.

Usimimine mafuta chini karibu na kisima au kijito. Na jerikani iliyowahi kubeba mafuta au dawa isibebe tena maji ya kunywa, hata ukiiosha kwa sabuni mara kumi.

2. Makaa na jiko

Makaa yanayoonekana yamezimika yanaweza kuwa na moto ndani, na upepo wa safari ukauamsha. Jiko lipoe usiku kucha, lisafishwe majivu, ndipo lipakiwe. Usiwashe jiko ndani ya lori lililofunikwa turubai, wala ndani ya hema mtakamolala usiku wa kwanza. Moshi wa makaa una hewa ya sumu isiyo na harufu. Familia nzima inaweza kulala isiamke. Jua pia kwamba biashara ya makaa kaskazini mwa Uganda ilipigwa marufuku kwa agizo la Rais la Mei 2023, kwa hiyo magunia ya makaa yanaweza kukuletea shida kwenye kizuizi cha barabarani.

3. Dawa za shamba, dawa ya panya na dawa ya nafaka

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Dawa ya maji ya kunyunyizia ikivujia gunia la unga, huwezi kuuosha unga, na kuupika hakuondoi sumu. Unga huo usiliwe, wala kuku wasipewe.

Vidonge vya kuhifadhia nafaka ni vibaya zaidi. Vikipata unyevu, hata ule wa hewa tu, hutoa hewa yenye sumu kali. Usivifunge kwenye nguo, usivipakie, na usilale chumba kimoja na magunia yaliyowekwa vidonge hivyo. Ikiwa uliweka vidonge kwenye mahindi au maharagwe yako, mwambie dereva mapema, na magunia hayo yasisafiri pamoja na watu.

Dawa iliyobaki mpelekee ofisa wa kilimo au muuza dawa uliyenunua kwake, ikiwa kwenye chupa yake ya asili yenye maandishi. Chupa tupu itoboe ili mtu asiitumie kuwekea maji au mafuta ya kula, kisha umkabidhi. Usiichome moto, usiitupe chooni.

4. Klorini na betri

Dawa ya kufulia yenye klorini ni nzuri kwa usafi, lakini ikichanganyika na asidi ya kusafishia vyoo hutoa hewa inayochoma mapafu. Usiviweke kwenye ndoo moja. Afadhali umwachie jirani kimoja.

Betri ya sola au ya gari yenye maji ndani ina asidi. Ikilala ubavu, asidi humwagika na kuunguza ngozi na macho. Dereva akikubali kuibeba, isimame wima ndani ya beseni la plastiki, mbali na watu na chakula. Akikataa, iuze kwa fundi. Usimwage asidi chini, na watoto wasichezee risasi nyeusi iliyo ndani yake, kwa maana ni sumu ya ubongo.

5. Mifugo na mbwa

Mbuzi na ng'ombe hawahamishwi Uganda bila kibali cha daktari wa mifugo. Anza na barua ya mwenyekiti wa LC1, kisha umwone ofisa wa mifugo. Wilaya ikiwa chini ya karantini, kibali hakitatoka. Bora uuze wanyama mapema kwa bei nzuri kuliko kuwauza asubuhi ya safari kwa bei ya aibu. Kuku wasikae pamoja na watoto wala juu ya chakula. Kuku anayeumwa asisafiri, na kuku aliyekufa asiliwe.

Mbwa usimwache tu. Mbwa asiye na mwenyewe huzurura, huuma, na anaweza kueneza kichaa cha mbwa. Mtafutie mtu wa kumtunza, na uulize ofisa wa mifugo kuhusu chanjo.

6. Vyenye ncha, na mabaki ya vita

Panga, shoka na majembe yafungwe kwa gunia na kamba. Nyembe na sindano zilizotumika ziweke kwenye chupa ngumu yenye kifuniko, uipeleke kituo cha afya. Risasi za bunduki, bomu au chuma usichokijua usikiguse wala kukisogeza. Weka watoto mbali, na uwaite polisi.

7. Miti ya nyumba na choo

Miti, nyasi za paa na matofali mara nyingi hukosa nafasi. Ongea na wenyeji wa eneo au kamati ya wakimbizi, wawape wanaojenga. Lakini shimo la choo ni jukumu lako. Kama hakuna atakayelitumia, lijaze udongo mpaka juu. Shimo lililoachwa wazi siku moja litammeza mtoto wa jirani.

VITU AMBAVYO USIMPE DEREVA KABISA

Kuna vitu ambavyo lori linakubali lakini wewe ukatae. Lori linaweza kuharibika njiani, au mzigo wako ukapanda gari lingine na kufika siku tatu baadaye. Kwa hiyo, beba kwenye mfuko wa mkononi:

• Dawa zako za kila siku: za kifua kikuu, ARV, kifafa, sukari, shinikizo la damu. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu ni miezi 6; ukikatiza, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu.
• Barua ya rufaa kutoka kliniki yako. Iombe wiki moja kabla, pamoja na dawa za kukutosha mpaka ujiandikishe kliniki mpya.
• Kadi za chanjo, kadi ya wajawazito na karatasi ya familia, ndani ya mfuko wa plastiki.
• Chandarua. Usiku wa kwanza mbu hawatasubiri mzigo wako ufike.
• Maji safi ya kunywa, yakiwa kwenye chombo ambacho hakijawahi kubeba kitu kingine.

Wenye insulini waiweke kwenye chombo kisichopitisha maji, ndani ya chungu chenye maji, kivulini. Isipigwe na jua.

Dawa zilizobaki ambazo huzitumii tena, au zilizopita tarehe, zirudishe kituo cha afya. Usimwachie jirani. Dawa iliyokuponya wewe inaweza kumdhuru yeye.

RATIBA YAKO

Wiki moja kabla: Muulize dereva au mhusika wa msafara, "Ni vitu gani havipandi?" Nenda kliniki kwa barua na dawa. Mwone ofisa wa mifugo.

Siku tatu kabla: Gawa, uza au rudisha mafuta, dawa za shamba na betri.

Siku moja kabla: Jaza shimo la choo. Zima jiko. Funga mfuko wa mkononi.

Asubuhi ya safari: Hesabu watoto, hesabu dawa, ndipo uhesabu magunia.

AJALI IKITOKEA NJIANI

Amekunywa mafuta ya taa au petroli: USIMTAPISHE. Mafuta yakirudi juu huingia kwenye mapafu, na hapo ndipo yanapoua. Usimpe maziwa, mafuta ya kula wala chumvi. Mvue nguo zilizolowa, mpeleke mara moja kituo cha afya kilicho karibu, na chupa uende nayo.

Dawa ya shamba imemwagikia mwili: Vua nguo, osha kwa maji mengi na sabuni, nenda kituo cha afya na chupa yenye maandishi. Anayesaidia ajikinge mikono kwa mifuko ya plastiki.

Asidi ya betri: Mwagia maji safi mengi kwa dakika 20 au zaidi. Kama ni jichoni, shikilia kope wazi, kisha nenda kituo cha afya.

Ameumwa na mbwa: Osha kidonda kwa maji na sabuni kwa dakika 15, na uende kupata chanjo siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo.

TURUDI KWA MTOTO WETU

Mama alisikia kikohozi, akageuka, akanusa mafuta. Mtu mmoja kwenye lori alisema, "Mtie kidole atapike." Mwingine akasema, "Mpe maziwa." Wewe uliyesoma somo hili ungesema nini? Ungepiga bati ili dereva asimame, ungewazuia wote wawili, na ungeuliza: kituo cha afya kilicho karibu kiko wapi?

Lakini jibu bora lilikuwa Logiri, siku tatu kabla. Jirani aliyehitaji mafuta alikuwepo. Lita tatu zingemfaa, na mama angeondoka na shukrani badala ya chupa mbili za soda.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Taja vitu vitatu ndani ya nyumba yako ambavyo lori lingekataa. Viko wapi sasa hivi? Watoto wanaweza kuvifikia?
2. Kwa nini si vizuri kuweka mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, hata kama huhami?
3. Ukihama kesho, dawa zako zinatosha siku ngapi?

Ukiwa na swali, mwone mhudumu wa afya wa kijiji chako, yule tunayemwita VHT, au fika kituo cha afya. Ukimaliza kusoma, mpe jirani naye asome.

Safari njema.