Mafunzo Niliyopata Nikipima Safari za Dar es Salaam

1. Anza na siku mbaya

Mama mmoja kituoni Mbagala aliniambia huondoka nyumbani saa 10 alfajiri, na kazi yake Posta huanza saa 2. Nilimwonyesha vipimo vyangu: kwa kawaida safari ile haimalizi hata nusu ya muda huo. Akanijibu, "Mwanangu, siku itakayozidi, bosi ataniuliza kawaida?"

Tangu siku ile napanga safari zote za ruti kuanzia fupi hadi ndefu, kisha natafuta muda ambao safari 95 kati ya 100 hukamilika ndani yake. Tofauti kati ya muda huo na ule wa kawaida ndiyo akiba anayoilipa abiria kwa usingizi wake. Kwangu, hicho ndicho kipimo cha kwanza cha usafiri wa mji.

2. Muulize konda habari za hesabu

Dodoso nililopewa liliuliza juu ya foleni, mvua na ubovu wa barabara. Jioni moja daladala letu liligeuza kabla ya kufika mwisho wa ruti, tukashushwa. Nilimfuata konda nikitarajia asingizie foleni. Akanieleza kuhusu hesabu: fedha ambayo lazima ifike kwa tajiri kila siku, gari lijae au lisijae. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho chake na cha dereva. Upande wenye abiria wengi unalipa. Kuumaliza upande mtupu ni hasara yao wawili.

Nilishangaa jinsi mambo mengi yalivyofunguka hapo: gari kungoja lijae, kukatisha ruti, mwanafunzi wa nauli ndogo kuachwa kituoni. Ukitaka kujua kwa nini usafiri hautabiriki, fuata fedha mpaka mfukoni mwa dereva.

3. Pima kusubiri katikati ya ruti

Mabasi yakipita kila baada ya dakika 10, anayefika kituoni wakati wowote husubiri kwa wastani dakika 5. Yakija mawili mawili kila dakika 20, idadi kwa saa ni ileile, lakini kusubiri kunafika dakika 10. Basi lililochelewa hukuta abiria wengi, hivyo huzidi kuchelewa. La nyuma hukuta kituo kitupu na kulifikia. Watafiti Newell na Potts walilieleza jambo hili mwaka 1964. Mwanzo wa ruti hutaliona.

4. Watafute wasiokuwepo kituoni

Aliyeamua kutembea, aliyepanga chumba karibu na kazi, aliyekataa kibarua cha mbali: hawa hutawakuta kituoni, hivyo hoji pia majumbani. Na masika yakianza usisimamishe utafiti ukingoje hali itulie. Mto Msimbazi ukifurika, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani. Siku hizo nazo ziingize kwenye takwimu.