Edward Grey na Habari ya Kongo



Machimbo yetu ya Mutoshi zamani yaliitwa Ruwe. Leo tunataka kujifunza maisha ya Mwingereza mmoja ambaye hakufika huku hata siku moja, lakini neno lake lilikuwa na uzito katika mambo ya inchi yetu.

Edward Grey alizaliwa London tarehe 25 Aprili 1862, katika jamaa ya wakubwa. Baba yake alikufa 1874. Mwaka 1882 babu yake naye akafa, akamwachia cheo cha Sir pamoja na mashamba ya Fallodon, kaskazini ya Uingereza. Kijana wa miaka 20, tayari mwenye udongo mwingi! Lakini udongo haufanyi mtihani. Mwaka 1884 chuo chake cha Oxford kilimfukuza juu ya uvivu. Alirudi kufanya mtihani, akapata daraja la chini. Kumbe mwaka 1928 Oxford ile ile ilimchagua kuwa mkuu wake! Aliyeanguka asikate tamaa, ila mvivu asijisifu.

Mwaka 1885 aliingia katika Bunge. Toka Desemba 1905 mpaka Desemba 1916 alikuwa minisitiri wa mambo ya inje.

Wakati ule Kongo ilikuwa mali ya Mfalme Léopold II. Watu walilazimishwa kuleta mpira. Waliokosa walipigwa, wengine waliuawa. Nani alipeleka habari Ulaya? Wengi wao walikuwa wamisionere Waprotestanti, walioandika yale waliyoona kwa macho yao. Konsuli Roger Casement naye alisafiri, akauliza watu, na ripoti yake ilitoka 1904. Februari 1908 Grey alisimama Bungeni, akasema serikali ya Léopold imejipotezea haki yake. Mwaka ule Ubelgiji ikaichukua Kongo, lakini Uingereza haikukubali jambo hilo mpaka 1913. Ilitaka kwanza kuona kama mateso yamekwisha.

Je, tumsifu tu? Hapana, tupime. Ndugu yake, George Grey, aliongoza watafuta madini wa kampuni ya Tanganyika Concessions huku Katanga, na kampuni ile ndiyo ilichimba zahabu ya Ruwe. Mababu walikuwa wanayeyusha shaba zamani, lakini hakuna aliyewauliza. Edward mwenyewe hakuomba Kongo irudishwe kwa wenyewe. Alitaka bwana mwingine, aliye mwema kidogo. George aliuawa na simba karibu na Nairobi, 1911. Na vita ya 1914, ambayo Edward hakuweza kuizuia, iliwachukua askari na wapagazi wengi wa Kongo. Wengine hawakurudi.

Uzeeni macho yake yaliharibika. Aliyependa sana kutazama ndege akabaki kuwasikiliza tu. Alikufa Fallodon, Septemba 1933.

Sisi tunaona fundisho moja. Mkubwa aliye mbali anajua yale tu aliyoandikiwa. Kama wale mashahidi wangenyamaza, Grey angesema nini? Kwa hiyo, tunapojifunza kuandika, tujifunze kuandika kweli: nani, wapi, siku gani, watu wangapi. Na tusingoje mgeni atuandikie.

Maulizo ya kujibu:
1. Juu ya nini Uingereza ilingoja mpaka 1913?
2. Mtu anaweza kutetea haki na huku jamaa yake inapata faida? Eleza.
3. Wewe umeona jambo gani linalostahili kuandikwa?

Wakubwa wa wanafunzi, darasa la sita