Upanga wa Mpanda Farasi na Rotwet ya Wakipsigis

Katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, wazee wa Kipsigis waijua sana sime iitwayo rotwet. Mtu akiulinganisha na sime hiyo upanga wa kale wa askari wapanda farasi wa Ulaya, huenda akadhani kuwa silaha hizi mbili hazina ujamaa. Lakini umbo la upanga halifanywi bure. Huonyesha kazi yake.

Mwaka 1796 jeshi la Uingereza lilipata upanga mpya wa wapanda farasi wepesi, kwa shauri la afisa aitwaye John Gaspard Le Marchant. Ubapa wake ulipinda, urefu wake kiasi cha inchi 33, nao ulipanuka karibu na ncha. Upana ule ulipeleka uzito mbele, hata pigo likawa zito kama la shoka. Mfuo uliochimbwa ubavuni ulipunguza uzito, na utepe wa chuma ulikinga vidole. Mwaka 1908 shauri liligeuka: upanga ukanyoshwa uwe wa kuchoma, na bakuli la chuma likafunika mkono.

Rotwet nayo hupanuka karibu na ncha, kwa sababu ile ile. Lakini ni fupi zaidi, maana mwenye kuichukua huenda kwa miguu. Ukingo ulioinuka katikati huutia ubapa nguvu. Mpini huvikwa ngozi usiteleze, wala hauna kinga ya vidole. Kazi hiyo ilikuwa ya ngao.

Mapambo nayo yana maana. Panga za maafisa wa Ulaya zilitiwa rangi ya buluu kwa moto, zikanakshiwa kwa dhahabu na alama ya mfalme. Rotwet hupambwa kwa ala ya ngozi, mara nyingi yenye rangi nyekundu.

Basi, mwenye sime ya babu yake asiipeleke kwenye jiwe la kunolea wala kuisugua kwa msasa ili ing'ae. Panga nyingi za Ulaya zilipoteza dhahabu yake kwa kusuguliwa hivyo, na alama za nyundo ya mhunzi zikiisha kufutwa hazirudi. Yatosha kuipangusa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Tena katika nchi hii yenye mvua nyingi, ubapa usiachwe ndani ya ala siku zote, kwani ngozi hushika unyevu, na unyevu huzaa kutu.